Iklimu Saba na Baridi ya Busunzu

Ndugu msomaji, chukua ramani ya Afrika Mashariki, weka kidole chako juu ya Mombasa, kisha kipeleke moja kwa moja magharibi bila ya kupanda wala kushuka. Utapita Same, utapita karibu na Babati, na mwisho utaingia nchi ya Waha, katika vilima vya Busunzu, baina ya Kasulu na Kibondo. Mombasa na Busunzu zote mbili zi karibu na nyuzi 4 kusini ya Ikweta. Lakini mtu wa pwani akilala huko usiku wa mwezi wa Julai, ataomba blanketi la pili.

Jambo hili lingaliwashangaza wanavyuoni wa zamani. Wao, wakifuata vitabu vya Wayunani na hasa Ptolemy, waliigawa nchi inayokaliwa na watu kwa mistari ya latitudo wakapata vipande saba, walivyoviita iklimu. Asili ya neno ni la Kiyunani lenye maana ya mwinamo, na ndilo hilo hilo Wazungu walilolifanya jina la hali ya hewa. Mwaka 1154 Al-Idrisi alimmalizia Roger wa Pili, mfalme wa Sicily, kitabu chenye ramani 70: iklimu saba, kila moja sehemu kumi. Malindi na Mombasa zimo. Kusini zaidi, ilidhaniwa, joto halimwachi mtu kuishi.

Si wote waliokubali. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alisema kuwa penye Ikweta ndipo penye wastani mwema, kwa kuwa jua halikai utosini muda mrefu, na usiku na mchana hulingana. Tazama alivyokaribia kweli! Jua hupita upesi juu ya Ikweta, lakini hukawia kwenye mstari wa Saratani, nyuzi 23 na nusu kaskazini, na ule wa Jadi kusini. Tena hewa yenye unyevu hupanda karibu na Ikweta, humwaga mvua, kisha hushuka ikiwa kavu mbali huko. Ndiyo sababu ya majangwa ya Sahara na Arabuni. Wenye jamaa Maskati, mji ulio karibu kabisa na mstari wa Saratani, wanajua kuwa joto la Juni la huko halina mfano Mombasa.

Ibn Khaldun, katika utangulizi wake mashuhuri wa mwaka 1377, alikwenda njia nyingine. Alifanya vizuri kukataa hadithi ya kuwa weusi wa ngozi ni laana ya mtoto wa Nuhu, akasema ni kazi ya jua. Lakini papo hapo akahukumu kuwa watu wa iklimu ya kwanza wako mbali na utu uliokamilika, na tabia zao zakaribia za wanyama. Hapa, ingawa namheshimu, sioni udhuru. Ibn Battuta alikuwa amekwisha fika Kilwa mwaka 1331, karibu nyuzi 9 kusini ya Ikweta, akausifu uzuri wa mji, akausifu ukarimu wa Sultani Al-Hasan bin Sulaiman na dini ya watu wake. Ibn Khaldun alizijua habari za msafiri huyo. Mstari wa ramani ulimshinda shahidi.

Na sisi wa pwani tusicheke upesi. Misafara yetu ya karne ya 19 iliyokwenda Ujiji ilirudi na pembe na neno “mshenzi”, ikawapachika watu wa bara wote, Waha nao wakiwamo. Kipimo kilikuwa kile kile: mtu kuhukumiwa kwa pale alipozaliwa.

Basi baridi ya Busunzu yatoka wapi? Ni kimo. Nyanda zile zi zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na kwa kila mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6. Jua lenyewe ni moja. Husimama utosini Mombasa na Busunzu takriban siku zile zile, siku kama kumi kabla ya 20 Machi na kama kumi baada ya 23 Septemba, ila Busunzu hulipata adhuhuri zaidi ya nusu saa baadaye.