Chama cha wakutubi kinachohama na ofisi yake

Vyama vingi vya kikanda huanza kwa jengo, bendera na gari la mwenyekiti. SCECSAL, umoja wa vyama vya maktaba vya mashariki, kati na kusini mwa Afrika, ulianza bila hata kimoja. Kila baada ya miaka miwili nchi moja huandaa mkutano, na kazi za ofisi huhamia huko.

Mzizi wake ni Chama cha Maktaba cha Afrika Mashariki, kilichoundwa Nairobi katikati ya miaka ya 1950. Mwaka 1960 mkutubi Sydney Hockey alitoa ripoti iliyopendekeza huduma za maktaba za umma katika eneo zima. Tanganyika ikatunga sheria yake mwaka 1963, na mwaka huohuo shule ya ukutubi ikafunguliwa Makerere. Ajabu ni kwamba mafanikio hayo ndiyo yaliyokimaliza chama: kila nchi ilipopata maktaba zake na wakutubi wake, mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya, Uganda na Tanzania zikagawanyika, kila moja ikabaki na chama chake.

Wakutubi wao hawakukaa mbali muda mrefu. Mwaka 1974 walikutana Dar es Salaam, na hapo SCECSAL ikaanza; mwaka 1976 wakaenda Lusaka, Zambia. Zambia haikuja mikono mitupu: Huduma yake ya Maktaba ilianzishwa mwaka 1962 kwa msaada wa Ford Foundation, na chama chake kikaundwa mwaka 1967.

Kwa mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, huduma hiyo ilimaanisha vitabu kutoka Lusaka kwenda Mansa, kisha shuleni. Kutoka Mansa barabara hupita Mwense na Mbereshi hadi Nchelenge, kwenye Ziwa Mweru. Hapa uvuvi hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari. Nyavu zikianikwa, mvuvi ana miezi mitatu ya kushika kitabu, akikipata.

Kitabu cha lugha gani, ndilo swali ambalo mikutano ya SCECSAL haikulipa uzito. SCECSAL ilikua ndani ya mipaka ya Mwingereza, na shughuli zake ni za Kiingereza. Ng'ambo ya ziwa ni Kilwa, Kongo, ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko. Tangu 2018 wilaya ya Nchelenge ina makazi ya wakimbizi ya Mantapala, na wengi waliopokelewa humo wametoka Kongo wakiwa na Kiswahili chao.

Vitabu vya Kiswahili Tanzania na Kenya vimejaa, nazo ni wanachama wa umoja huu tangu siku ya kwanza. Wakutubi wa Dar es Salaam na Nairobi, mkutanapo tena na wenzenu wa Zambia, pangeni shehena ya Mantapala kabla ya kupanga hotuba.