Michoro ya Miambani na Vilima Vyetu



Wengi wetu tulifundishwa kwamba historia huanza na maandishi. Mkoa wetu wa Kagera unayo historia iliyotangulia kalamu, nayo imewekwa juu ya mawe. Huko Bwanjai, upande wa Missenyi, kuta za miamba zina michoro myekundu ya watu waliochorwa kwa mistari michache tu. J. H. Chaplin alichunguza michoro ya eneo zima la Ziwa Victoria, na utafiti wake ulichapishwa mwaka 1974. Nyero nchini Uganda na kisiwa cha Mfangano nchini Kenya nako kuna michoro ya miduara na mistari.

Mtu wa Ntobeye anayetaka kuielewa michoro hiyo hana budi kwanza kuyajua mawe. Vilima vya Ngara ni matope na mchanga wa kale, vilivyogandamizwa na kukunjwa zaidi ya miaka milioni 1,000 iliyopita. Jiwe gumu jeupe limebaki kuwa migongo ya vilima. Lililo laini limeliwa na mvua likawa mabonde. Upande wa Bukoba jiwe la mchanga limelala kwa matabaka, likafanya magenge yenye paa la asili. Mchoro hudumu mahali mvua isipofika. Chini ya paa hilo rangi ilipata hifadhi.

Rangi yenyewe ni jiwe pia. Wekundu ule watokana na kutu ya chuma, ileile inayofanya udongo wetu wa Ngara kuwa mwekundu.

Huko Kolo, wilayani Kondoa, michoro myekundu ni kazi ya wawindaji na waokota matunda, na ile myeupe iliyofuata huhesabiwa kuwa ya wakulima. Mary Leakey alifanya kazi ya kuinakili mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia. Lakini wenyeji wa Kolo bado wanafanya matambiko pale, kuomba mvua na uponyaji. Kwao si makumbusho. Anayetaka kuilinda michoro lazima azungumze nao kwanza, maana mahali palipokosa wenyewe huharibiwa upesi. Wako waliochimba chini ya miamba wakitafuta mali inayosemekana ilifichwa na Wajerumani, na wako wageni wanaomwagia michoro maji ili ionekane vizuri katika picha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ipo, lakini sheria haiwezi kukaa mlangoni mwa kila pango.

Jambo hili latuhusu hata sisi. Chini ya ardhi ya Kabanga, wilayani Ngara, kuna nikeli, na mwaka 2021 Serikali ilitia saini mkataba wa kuiendeleza. Madini ni haki ya nchi. Hata hivyo kilima kikishachimbwa hakirudi.

Kwa hiyo, wanafunzi, mnapotembea vilimani chukueni daftari. Andikeni jina la kilima kwa Kihangaza, aina ya jiwe, na masimulizi ya wazee. Msiguse mchoro, msimwage maji, msiandike majina yenu. Nasi wahitimu tuwanunulie ramani na dira. Urithi usioorodheshwa hauna wa kuutetea siku ya kuchimbwa.