Tapeli wa mapenzi: kutoka barua hadi WhatsApp

Leo tuangalie utapeli unaoumiza watu kimya kimya, Kisii na Nyamira kama kwingineko. Mtu anakutongoza mtandaoni, unamtumia picha za uchi, halafu anageuka: "Tuma pesa, la sivyo watu wako wote wataziona."

Wengi hudhani uovu huu umezaliwa na intaneti. Sivyo. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, ambayo asili yake ni mwaka 1930, ina kifungu cha 299 kinachohusu kudai mali kwa maandishi ya vitisho. Adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 14. Ni sheria ya zama za barua.

Mtishaji wa barua alikuwa na shida tatu: kuipata siri yako, kujua unamwogopa nani akiijua, na kupokea pesa bila kuonekana. Teknolojia imemtatulia zote.

Ilianza na pesa. Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa, na mtoto aliyeko Nairobi akaweza kumtumia mama yake pesa Keroka bila kumpa dereva wa matatu bahasha. Tapeli naye akapata pa kupokelea. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa kupitia baharini. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, ghali na ya polepole. Sasa picha na video zikapita kwa urahisi, na siri ukaipeleka mwenyewe. Shida iliyobaki ikatatuliwa na Facebook: orodha ya marafiki inamwonyesha tapeli mama yako, pasta wako na mwajiri wako.

Kwetu Gusii silaha hii ina makali zaidi kwa sababu ya chinsoni, ile haya na heshima kati ya mzazi na mwana, ambapo mambo ya mwili hayatajwi kabisa. Mwanaanthropolojia Robert LeVine, aliyefanya utafiti Gusii miaka ya 1950, aliandika kuihusu. Tapeli hahitaji kulijua neno hilo. Orodha ya marafiki inamtosha.

Na haya inaweza kuua. Mwaka 2022 kijana wa miaka 17 huko Michigan, Marekani, alijiua baada ya kutishwa hivi. Mwaka 2024 ndugu wawili kutoka Lagos walihukumiwa miaka 17 na nusu kila mmoja.

Utamtambuaje? Akaunti ni changa. Anakuharakisha mhamie WhatsApp. Anatanguliza picha zake (za wizi) ili nawe utume. Kwenye video haongei, au midomo haiendi na maneno.

Akishakutisha, usilipe. Ukilipa umemwonyesha kuwa una pesa na una hofu, naye atarudi. Usifute mazungumzo: piga picha za skrini, hifadhi namba, jina la akaunti na ujumbe wa M-Pesa kama ulishatuma. Laini husajiliwa kwa kitambulisho, kwa hiyo namba hiyo ni pa kuanzia hata kama kitambulisho ni cha mtu mwingine. Kisha mbloki, upige ripoti DCI, 0800 722 203, bila malipo. Kwa mtoto, piga 116. Sheria ya mwaka 2018 ya makosa ya mtandao, kifungu cha 37, inakataza kusambaza picha za faragha za mtu: faini hadi shilingi 200,000, au miaka 2 jela, au vyote viwili.

Kwa wenzangu wapenda programu: kuna StopNCII.org, iliyoanza 2021 kwa watu wazima. Picha haitoki kwenye simu yako. Inatengenezwa heshi yake, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu, na hiyo ndiyo inayotumwa kwa kampuni kama Facebook na Instagram ili picha inayofanana nayo izuiwe. Kwa walio chini ya miaka 18 ipo Take It Down. Mazungumzo ya WhatsApp yamefungwa kwa usimbaji, hivyo huko hazifiki.

La mwisho ndilo kubwa: mwambie mtu. Tapeli anauza ukimya, na akikosa ukimya wako hana bidhaa. Kama huwezi kumwambia baba, kumbuka chinsoni haikuwekwa kati ya mjukuu na babu au nyanya. Hao tunataniana nao na kuongea lolote. Wazee walishatuachia mlango. Nenda kwa magokoro.