Kabla ununue kadi ya ramani ya Ziwa Victoria

Mnabishana kadi gani iko na picha safi kwa GPS ya boti. Sawa, lakini hicho kina kilipimwa lini? Whitehouse, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, alianza kupima hili ziwa 1898, enzi za kamba na risasi, na ramani zikakaa miaka mingi zikitegemea kazi yake. Ziwa halikumngoja. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2. Pale Mbita, tuta la barabara ya kwenda Rusinga liliziba maji tangu miaka ya 80 hadi daraja likafunguliwa 2017. Sasa muuzaji anakuonyesha mistari mizuri hapo, ukimuuliza mwaka anacheka! Heri kadi inayokuacha urekodi kina mwenyewe na sonari yako, ukipita.