Yadi Arobaini za Taiti Endi

Kila mwaka, majira ya baridi yakielekea ukingoni, vijana wapatao mia tatu kutoka vyuo vikuu vya Marekani hualikwa Indianapolis kupimwa mbele ya vilabu 32 vya ligi ya NFL. Hupimwa urefu, uzito, mikono na viganja. Madaktari huwakagua magoti na mabega, makocha huwahoji. Kisha huja mbio za yadi 40, yaani mita 36.58, na hapo ndipo kamera zote hugeukia. Kwa wadakaji wa pembeni kipimo hicho kina mantiki yake. Kwa taiti endi naona kina kasoro kubwa, na historia yake inaonyesha kwa nini vilabu vinaking'ang'ania hata hivyo.

Taiti endi huanza akiwa ameinama ubavuni mwa safu ya mbele ya timu yake. Katika shambulio moja kazi yake ni kumsukuma beki wa kilo 120 ili mbeba mpira apate njia. Katika shambulio linalofuata huchomoka kutoka pale pale, akakimbilia nyuma ya ulinzi na kudaka pasi ya kwotabeki, mrusha mpira wa timu. Anatakiwa awe mpagazi na mwindaji kwa mshahara mmoja. Saa huiona kazi moja tu kati ya hizo, tena nusu yake.

Mbio zenyewe zilianza bila kumfikiria yeye. Kwa kawaida asili yake huhusishwa na Paul Brown, kocha aliyeiunda Cleveland Browns mwaka 1946. Wakati ule wengi walipima kasi kwa yadi 100, lakini Brown alijua kwamba uwanjani mchezaji hukimbia umbali huo kwa nadra sana. Inasimuliwa kwamba alichagua 40 kwa kuwa ndio umbali ambao mpira uliopigwa teke la juu husafiri kabla ya kutua, na yeye alitaka kujua nani atamfikia mpokeaji mapema. Lilikuwa swali la kocha mmoja kuhusu timu yake mwenyewe, na jibu lake lilikuwa zuri. Miaka ya 1960 Dallas Cowboys, chini ya Tex Schramm na Gil Brandt, wakaanza kuingiza taarifa za wachezaji kwenye kompyuta kwa msaada wa Salam Qureishi, mtaalamu wa takwimu aliyetoka India. Kompyuta inataka namba. Kasi ya yadi 40 ilikuwa namba iliyo tayari, rahisi kuipata na rahisi kuilinganisha. Naamini hapo ndipo kipimo cha Brown kilipoacha kuwa swali la uwanjani kikawa bei ya sokoni.

Wakati huo huo nafasi ya taiti endi ilikuwa inazaliwa upya. Mwaka 1961 Chicago Bears walimchagua Mike Ditka akiwa wa tano katika drafti, ule uteuzi wa wachezaji wapya ambapo vilabu hupokezana zamu. Alikuwa na kilo 103 hivi, na wengi walimtegemea asukume watu. Alisukuma kweli, lakini msimu huo wa kwanza alidaka pasi 56 kwa yadi 1,076 na tachidauni 12, yaani mara 12 aliufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho, takwimu za mdakaji wa pembeni.

Miaka miwili baadaye Baltimore Colts wakamchukua John Mackey kutoka Syracuse, na huyu ndiye aliyeonyesha maana ya kasi katika mwili mkubwa. Mwaka 1966 alifunga tachidauni tisa za kudaka, na sita kati yake zilikuwa za zaidi ya yadi 50. Pasi ilikuwa fupi, kisha mtu wa kilo mia anakimbia na mabeki wakimning'inia mgongoni. Hakuna saa ya yadi 40 inayoweza kupima jambo hilo, kwa sababu katika mbio za majaribio hakuna anayekuning'inia. Mackey anastahili heshima nyingine pia. Aliongoza chama cha wachezaji baada ya ligi mbili kuungana mwaka 1970, na kesi iliyobeba jina lake, iliyoamuliwa mwaka 1976, ilivunja kanuni iliyokuwa ikiwabana wachezaji wasihamie klabu nyingine. Uzeeni akili yake ilidhoofika, na mfuko wa kuwasaidia wachezaji wastaafu wenye maradhi kama yake ukaitwa 88, namba ya jezi yake. Mtu akiniuliza taiti endi ni nani, Mackey ndiye wa kwanza ninayemtaja.

Mwaka 1978 ligi ilibadili sheria. Beki hakuruhusiwa tena kumkumba mdakaji akishavuka yadi tano. Njia zikafunguka katikati ya uwanja, na makocha wakaanza kutafuta watu warefu wanaoweza kuzitumia. Don Coryell wa San Diego Chargers alimpata Kellen Winslow, aliyechaguliwa wa 13 mwaka 1979, akamtoa kwenye safu na kumweka popote alipopenda. Januari 2, 1982, katika mechi ya mtoano dhidi ya Miami, Winslow alidaka pasi 13 kwa yadi 166 na kuzuia teke ambalo lingewapa wapinzani ushindi. Alitolewa uwanjani akishikiliwa na wenzake wawili, miguu ikimkatalia.

Mwaka huo huo, mjini Tampa, ilifanyika kambi ya kwanza ya pamoja ya kuwapima wachezaji wanaoingia ligi. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa: vilabu vilichoka kuwasafirisha vijana wale wale mji baada ya mji kwa uchunguzi wa daktari. Kambi nyingine zilizokuwa zikishindana nayo ziliunganishwa nayo mwaka 1985, na kuanzia 1987 makao yakawa Indianapolis. Mbio za yadi 40 ziliingia humo kama sehemu ya uchunguzi, pamoja na kuruka juu na kunyanyua vyuma.

Ukizitazama mbio hizo kwa karibu utaona jinsi zilivyo dhaifu. Mkimbiaji huweka mkono mmoja chini kwenye mstari, akatulia. Hakuna bastola wala king'ora, anaondoka akitaka mwenyewe. Mtu mwenye saa hubonyeza akiona mkono umesogea, halafu mwale wa mwanga mwishoni ndio unaosimamisha hesabu. Macho na kidole cha binadamu vinachelewa kwa takribani sehemu mbili za kumi za sekunde, na tofauti kati ya taiti endi anayesifiwa na anayesahaulika huweza kuwa ndogo kuliko hiyo. Hupewa nafasi mbili. Kabla ya hapo wengi wao hukaa wiki nyingi na walimu wa kulipwa wakijifunza namna ya kuinama na kunyoosha hatua ya kwanza. Wanakimbia bila kofia ya chuma wala kinga za mabega. Mimi ningeangalia yadi 10 za mwanzo, ambazo hupimwa kando, kwa kuwa mlipuko ule wa kutoka chini ndio unaotumika katika kazi zote mbili za taiti endi. Lakini vichwa vya habari huandika 40.

Hata hivyo kuna siku saa ilisema jambo la kweli. Mwaka 2006 Vernon Davis wa Maryland, mwenye kilo 115, alikimbia kwa sekunde 4.38. Hiyo ni zaidi ya mita nane kwa sekunde kwa wastani, kasi ambayo wadakaji wengi wa pembeni, wepesi kuliko yeye kwa kilo 20 na zaidi, hawakuifikia. San Francisco 49ers walimchagua wa sita. Kilichofuata ndicho kinachonifundisha zaidi: katika kila mmoja wa misimu mitatu ya mwanzo hakufikisha hata yadi 600. Oktoba 2008 kocha Mike Singletary alimfukuza kutoka benchi mechi ikiendelea, akamwambia akaoge. Mwaka uliofuata, akiwa amejifunza kuzuia na kusoma ulinzi, alifunga tachidauni 13. Kasi ilikuwapo siku zote, ila ilimngoja mwenyewe akomae.

Na kuna wale ambao saa iliwapita kabisa. Antonio Gates alicheza mpira wa kikapu Kent State, hakwenda Indianapolis, na mwaka 2003 hakuna klabu iliyomchagua. Alimaliza na tachidauni 116 za kudaka, nyingi kuliko taiti endi yeyote, akaingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa mwaka 2025. Travis Kelce alikuwa na jeraha wakati wa kambi ya 2013, akachaguliwa wa 63. George Kittle alikimbia vizuri mno mwaka 2017, sekunde 4.52, lakini akangoja hadi nafasi ya 146, na mwaka wa pili akakusanya yadi 1,377. Namba ilikuwa mezani, waliokuwa wakiisoma hawakuiamini.

Kwa msomaji wa Kenya jina la karibu ni Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Hakucheza taiti endi, aliwekwa kwenye ulinzi, na njia yake haikupita kwenye kambi ya mji ule ule alimoajiriwa.

Fedha ndizo zinazofanya haya yote yawe mazito. Mwaka 2014 Jimmy Graham wa New Orleans, naye mtoto wa mpira wa kikapu, aliyekimbia 4.56 mwaka 2010, alidai alipwe kama mdakaji wa pembeni kwa kuwa theluthi mbili ya muda alikuwa amesimama mbali na safu ya mbele. Kwa mkataba wa mwaka mmoja tofauti ilikuwa kati ya dola milioni 7 na milioni 12. Msuluhishi Stephen Burbank aliamua kwamba Graham ni taiti endi. Basi mtu anachaguliwa kwa mbio za mdakaji, anatumiwa kama mdakaji, halafu analipwa kwa jina la nafasi ya zamani. Nauona uamuzi ule kuwa si wa haki, ingawa baadaye alisaini miaka minne kwa milioni 40.

Leo wachezaji huvaa vitambuzi ndani ya kinga za mabega, na klabu inaweza kujua kasi halisi ya taiti endi akiwa na kofia kichwani na beki ubavuni. Kwa taiti endi hicho ndicho kipimo ambacho mbio za yadi 40 hazijawahi kukitoa. Mwaka 2021 Atlanta walimchagua Kyle Pitts wa nne, juu kuliko taiti endi yeyote kabla yake, baada ya kukimbia 4.44 chuoni kwake Florida, kwa sababu janga la korona lilikuwa limeifuta kambi ya Indianapolis. Miaka mitatu baadaye Brock Bowers wa Georgia alikwenda Indianapolis na hakukimbia. Las Vegas Raiders walikuwa wameshaona mechi zake, wakamchukua wa 13, na msimu huo alidaka pasi 112, ambazo hakuna mchezaji wa mwaka wa kwanza, wa nafasi yoyote, aliyewahi kuzifikisha kabla yake.