Mchukuzi Aliyewashinda Mabingwa

Watu wa Newala hawana haja ya kufundishwa maana ya mzigo. Mama zetu walishuka mabondeni kutafuta maji, wakarudi wakiupanda mlima na mitungi vichwani. Leo nawasimulia habari za mchukuzi wa nchi ya mbali.

Gofu ni mchezo wa kupiga kipira kidogo kwa fimbo mpaka kitumbukie shimoni. Mashimo ni 18, na ashindaye ni yule apigaye mara chache kuliko wenziwe. Zamani matajiri wa Marekani waliucheza, na watoto wa maskini waliwachukulia mifuko ya fimbo kwa ujira mdogo.

Mmoja wa watoto hao ni Francis Ouimet, aliyezaliwa mwaka 1893 huko Brookline. Baba yake alikuwa mtunza bustani, na nyumba yao ilielekeana na kiwanja cha matajiri. Francis alichukua mifuko huku akitazama kwa makini mabwana walivyopiga, kisha akajizoeza mwenyewe.

Mwezi wa Septemba 1913, Waingereza wawili mashuhuri, Harry Vardon na Ted Ray, walifika kushindana katika kiwanja kile kile. Hao walicheza kwa kupata riziki. Francis, kijana wa miaka 20, alicheza kwa kupenda tu. Mashindano yalipokwisha, watatu hao walikuwa sawasawa, ikabidi warudie tarehe 20.

Mfuko wa Francis ulichukuliwa na Eddie Lowery, mtoto wa miaka 10 ambaye, nasikitika kusema mimi mwalimu, alikuwa ametoroka shule. Asubuhi ile watu walitaka mtoto aondolewe, ashike mtu mzima. Francis akakataa. Alijua mwenyewe uchungu wa mchukuzi anayedharauliwa. Basi wakatoka wote wawili, ardhi imelowa mvua. Francis alipiga mara 72, Vardon 77, Ray 78. Watu wakambeba Francis mabegani.

Mwaka 1916 wakuu wa mchezo walimtoa katika daraja la wachezao kwa kupenda, kwa sababu alifanya biashara ya vifaa vya michezo. Hakuwalipiza kisasi. Mwaka 1918 walimrudisha, na mwaka 1931 akatwaa tena ubingwa wa daraja hilo, aliokwisha kuupata mwaka 1914.

Mwaka 1949 rafiki zake walianzisha mfuko wa fedha kwa jina lake, wa kuwasomesha vijana wafanyao kazi viwanjani. Alifariki mwaka 1967.

Basi, wanafunzi, aliyepanda asisahau mlima alioupanda, wala wale wanaoupanda bado na mizigo yao.