Nyegezi

Mwezi wa Novemba mwaka 2018, Baraza la Sanaa la Taifa lilipoupiga marufuku wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz, kisa kilikuwa namna walivyolichezea jina la Nyegezi, kata ya jiji hilo la ziwani, ambalo makondakta hulinadi mchana kutwa mbele ya mashekhe, mapadri na wakwe zao pasipo mtu kuinamisha uso. Hila imo katika silabi ya mwisho: idondoshe, na kinachosalia mdomoni ni neno ambalo mhariri wangu, mtu wa staha, haliruhusu kupita safuni. Nami mwenye mvi sina ugomvi na mafumbo, maana taarabu tuliyokulia nayo ilisheheni maembe mabivu na vikombe vya asali visivyokuwa na uhusiano wowote na meko. Walakini fumbo la kale lilimwachia msikilizaji taabu ya kulifumbua, ilhali hili la sasa hufumbuliwa na mwimbaji mwenyewe, tena kwa kiuno. Juzi binti yangu aliniuliza, garini, mbona nacheka. Nikamjibu kwamba nimekumbuka nauli za Mwanza.